Vile taa nyekundu ilinifundisha kusoma uji wa plastiki

Lori lilirudi na magunia yetu Alhamisi asubuhi, tani tatu za peleti, na dereva hakushuka hata, alitoa tu mkono dirishani na karatasi. Mteja wetu, kiwanda kimoja cha kutengeneza mitungi ya lita 20, alikuwa ameandika mistari miwili: mitungi inapasuka kwenye mshono wa chini ikiangushwa, hatuchukui. Mi ndo nilikuwa nimesaini hiyo mali. Nikafungua gunia moja hapo hapo kwa geti, nikamwaga peleti kiganjani nikaziangalia, nyeupe, zinang'aa, ukubwa sawa, nikauma moja, nikapasua ingine na kisu, hakuna kitu. Hiyo ndo iliniuma kuliko hata hasara ya pesa, yaani kitu kibaya kiko mkononi mwangu na macho yangu hayakioni.

Kazi yetu ni kurudisha plastiki iwe mali tena, tuko Industrial Area ya Nairobi upande wa Lunga Lunga, na mi ndo naangalia ekstruda, ile mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma. Tunanunua HD, yaani HDPE, plastiki ya mitungi na chupa za sabuni na za maziwa. Inatoka Dandora, inatoka Mukuru, inatoka kwa maestate, akina mama wanaichagua kwa mkono, inaingia krasha inasagwa, inaoshwa, inakaushwa, inamwagwa kwa hopa, skrubu inaisukuma ndani ya bareli lenye hita, inayeyuka, inatokea kwa dai, ule mdomo wa chuma wa mashine, kama tambi, tambi zinapita kwa maji zinakatwa peleti. Ile iliyoyeyuka sisi tunaiita uji, na nitaiita hivyo mpaka mwisho.

Sasa shida iko kwa tangi ya kuoshea. Ukipima ujazo sawa, maji yana uzito wa 1, PET ya chupa za soda ni 1.38 hivi, inazama yenyewe unaiacha chini. HD ni kama 0.95, inaelea. Lakini PP, ile ya ndoo na vifuniko vingi na viti vya plastiki, ni 0.90 au 0.91, inaelea pia, tena inaelea vizuri kuliko HD yenyewe. Kwa hivyo maji hayawezi kukutenganishia HD na PP hata uoshe mara kumi, ikipita mkono wa mchaguaji imepita. Na ndani ya bareli hakuna kitakachoizuia, HD inayeyuka kwa nyuzi 130 hivi, PP kwa 160 na kitu, sisi tunaendesha 200, zote mbili zinakuwa uji, zinapita jali, ule wavu wa kuchuja uji, pamoja, zinatoka pamoja kama ndugu.

Na sio ndugu. Hii ndo kitu ilinichukua muda kuelewa, juu kwa macho ni plastiki mbili zimeyeyuka zikachanganywa, utadhani zimekuwa kitu kimoja. Hazikuwi. PP inakaa ndani ya HD kama matone ya mafuta kwa supu, madogo sana, mara nyingi mikroni moja mpaka kumi, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70 kwa hivyo huwezi kuyaona. Ikipoa, kila tone limekaa peke yake na halijashikana vizuri na jirani yake, alafu mahali ukuta wa mtungi unakutana na kubanwa, pale kwa mshono, ndo panaachana. Mteja alikuwa sawa kabisa.

Mbona sikuona kwa peleti? Hii nilifundishwa na mzee wetu wa shifti ya usiku, mtu amekaa na ekstruda tangu nikiwa shule ya msingi. Alinivuta mpaka kwa dai akaniambia, "Kijana, wewe unaangalia ikishapoa, ikishapoa kila kitu ni nyeupe. Angalia hapa." Akaelekeza kidole pale tambi inatoka mdomoni, sentimita chache kabla ya maji. Tulikuwa tunapitisha HD mpya ya kusafisha mashine, na mahali pale tambi ilikuwa safi kama glasi, unaona bolti ya nyuma yake kupitia kwake, alafu mbele kidogo inaanza kuwa na ukungu, ikiingia maji inakuwa maziwa. Manake HD ikipoa inajipanga fuwele ndogo ndogo ndani, hizo fuwele ndo zinavuruga mwanga inaonekana nyeupe. Ikiwa uji, fuwele hakuna, mwanga unapita. Kwa hivyo ukitaka kujua kama kuna kitu kigeni ndani, angalia wakati bado ni uji, juu wakati huo chochote kinachotia ukungu sio HD yenyewe, ni mgeni.

Mzee alikuwa anajua hii kwa jicho tu. Akiona uji una ukungu mdomoni alikuwa anapunguza hopa na kwenda kuangalia magunia. Lakini alikuwa shifti moja, na macho huchoka saa nane usiku, na ukungu wa leo na wa jana huwezi kuulinganisha kichwani.

Kuhusu huo ukungu wenyewe, mfano rahisi uko bafuni. Chukua Dettol, iko rangi ya chai lakini unaona ndani yake, chukua maji, unaona ndani yake, mimina moja kwa ingine inakuwa maziwa saa hiyo hiyo. Hakuna mtu ameweka rangi nyeupe. Ni matone madogo ya ule mchanganyiko wa mafuta yamejitenga ndani ya maji, na mwanga ukigonga kila tone unapinda unaenda upande mwingine, ukipindwa mara elfu unatoka pande zote na jicho linasema nyeupe. Huo ndo mtawanyiko wa mwanga. Na unapindwa kwa sababu mwendo wa mwanga ndani ya tone sio sawa na mwendo wake nje ya tone, zingekuwa sawa kabisa tone lisingeonekana hata kidogo. Shikilia hapo, itarudi.

Basi nikaenda Luthuli, pale mjini kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Leza nyekundu ndogo ya nanomita 650, ile ya kuelekeza kwa ukuta, na vipande vya umeme vya kupima mwanga, fotodayodi. Kwanza sikupima kitu, nilifunga leza upande mmoja wa tambi na karatasi nyeupe upande wa pili, taa za hapo zikazimwa. Karatasi ikaonyesha nukta nyekundu katikati na mstari mrefu umelala kulia na kushoto, tambi yenyewe ikiwa inashuka chini. Nilifurahi vibaya sana, juu nilikuwa nimesoma usiku wake kwamba matone yakivutwa na mtiririko yanakuwa marefu kama punje za mchele, na tone refu linatawanya mwanga zaidi kwa upande ulio kinyume na urefu wake, yaani mtiririko ukishuka chini, mwanga unalala kwa upana. Nikaona nimeyaona matone. Nikamwonyesha bosi, nikamwonyesha mzee, nikapiga picha.

Siku iliyofuata tukapitisha HD mpya, ile safi kama glasi, na mstari ukawa pale pale. Ule ule.

Ilikuwa ni tambi yenyewe. Kitu cha mviringo kinachopitisha mwanga ni lenzi, tambi inachukua nukta ya leza inaikunjua iwe mstari, haina haja ya tone lolote ndani. Nilikuwa nimepima umbo la tambi nikaiita ubora wa plastiki. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini namba yoyote kabla sijaona safi inasema nini, na mtu yeyote akiniuliza aanzie wapi namwambia tafuta kwanza kilo 25 za mali mpya isiyo na mgeni, uiweke stoo, hiyo ndo rula yako.

Kwa hivyo ilibidi tuangalie uji ukiwa umelala bapa, sio mviringo, na ukiwa bado ndani ya chuma. Fundi mmoja wa Kariobangi Light alitutengenezea kipande cha chuma cha kuingia kati ya bareli na dai, ndani yake njia bapa ya unene wa milimita mbili, na matundu mawili yanayotazamana kila moja milimita nane, ya kuweka vioo. Vioo tukakata vya kawaida. Nitasema hii polepole juu kuna mtu atajaribu: kioo cha dirisha kisiwekwe hapo. Tulipasha moto pole pole, tukafika nyuzi 200, skrubu ikaanza kusukuma, presha ikapanda, na tukasikia kitu kama kijiti kinavunjika. Uji ulitoka kwa tundu kama dawa ya meno, wa nyuzi 200, ukaenda ukajibandika kwa ngao ya bati ambayo mzee alikuwa amesisitiza tuweke na mi nilikuwa naona anatuchelewesha. Uji wa plastiki ukikupata kwa ngozi haupangusiki, unashika na kuendelea kuchoma. Nilisimama pale nikiangalia hilo bati na sikuongea kwa muda.

Tuliagiza vioo vya yakuti samawi. Ndiyo, jiwe lile lile, ila ya kutengenezwa viwandani, ndo inawekwa kwa saa za bei na kwa skana za supamaketi. Ni fuwele ya oksidi ya alumini, ngumu sana ingawa haifikii almasi, haijali nyuzi 200 na haikwaruzwi na mchanga unaopita na plastiki yetu. Tukaweka ya unene wa kutosha kwa presha yetu, na gaskiti ya shaba, na kipima presha hapo karibu, na ngao ya bati imebaki mpaka leo.

Upande wa pili wa njia nikaweka fotodayodi mbili. Moja imeangalia leza uso kwa uso, inapima mwanga uliofika bila kupinda. Ya pili imekaa pembeni kwa pembe ya kama nyuzi 20, inapima uliopinda. Zote zinaingia kwa Arduino, kompyuta ndogo ya kusoma vipimo, alafu laptopu kuukuu ya ofisi. Na leza inakula kutoka kwa pawabenki, sio kwa soketi, juu stima ya kiwandani inapanda na kushuka kila krasha ikiwashwa, na leza inapanda na kushuka nayo. Hata hivyo sikuangalia namba ya moja peke yake. Nagawanya, ya pembeni kwa ya mbele. Leza ikififia zote mbili zinafifia pamoja na jibu halibadiliki. HD mpya ilinipa 0.08. Mali yetu siku nzuri, 0.12, juu haiwezi kuwa safi kabisa. Hizi namba ni za mashine yetu na kona yetu, kwako zitakuwa tofauti, usizikopi.

Jumamosi moja mashine ikiwa inapitisha mali mpya nikachukua konzi moja ya vikombe vya yogati vilivyosagwa, vile vya plastiki inaitwa PS, vinavyolia kaa! ukivikunja, nikarusha kwa hopa na kuangalia saa. Saa tano na dakika kumi kamili. Mzee amesimama kwa dai, mi kwa laptopu. Dakika moja hakuna kitu. Mbili. Dakika ya tatu hakuna. Karibu dakika ya nne mstari wa grafu kwa laptopu ukainuka, 0.08, 0.11, 0.2, na mzee akapaza sauti kutoka kule "imefika!" yeye akiwa anaona kwa jicho ukungu unatoka mdomoni, tukawa tumesema pamoja. Ikapanda mpaka 0.5 na kitu. Alafu nikangoja ishuke.

Ilichukua zaidi ya robo saa kurudi 0.08. Konzi moja! Iliingia mara moja, ikatoka kwa mkia mrefu, juu uji ulio katikati ya njia unakimbia na ule ulioshika ukuta wa bareli unatembea kama hautaki. Miaka yote hiyo tukikosea mali tulikuwa tunamwaga ndoo mbili tatu za kwanza tukiona imetosha, kumbe zile peleti zilizofuata zilikuwa bado na mgeni ndani na tulikuwa tunazifunga kwa magunia na kusaini. Kama hii kifaa ingenifundisha hiyo moja tu na kuharibika, bado ingekuwa imelipa gharama.

Alafu mvua za Aprili zikaanza. Jumatatu nimeingia kazini nakuta mstari unaruka ruka, 0.12, 0.4, 0.13, 0.6, nikasimamisha kila kitu. Tukapekua magunia karibu masaa mawili, wachaguaji wamesimama, bosi amesimama, hakuna PS wala PP. Mzee akachukua tambi akaikata kwa wembe akanipa. Ndani kulikuwa na vitundu. Mali ilikuwa na maji, ilikuwa imelala nje chini ya turubai iliyotoboka, maji yakawa mvuke ndani ya bareli, na puvu la mvuke linatawanya mwanga kuliko tone lolote la plastiki, juu mvuke na uji tofauti yao ni kubwa sana. Kifaa hakikudanganya, kilisema kuna kitu kisicho uji ndani ya uji. Ni mi niliyekuwa nimekiwekea maneno mdomoni.

Kutoka hapo nilijifunza kusoma tabia ya mstari na sio urefu wake tu. Puvu huja kwa miiba, juu chini juu chini. PET iliyoponyoka huja kwa mwiba mmoja mmoja, juu kwa nyuzi 200 PET haiyeyuki kabisa, inapita kama kijiwe, na nyingi inazuiwa na jali ndo unaona presha inapanda pole pole. Mchanganyiko wa kweli, plastiki mbili zimeyeyuka, hauruki, unainuka kama mtu anapanda kilima na unakaa huko juu.

Na hapa nirudi kwa ile mwendo wa mwanga niliyosema ushikilie. Kwa joto la chumba namba ya mpindo, ile inayoonyesha mwanga unapunguzwa mwendo kiasi gani, ya PS ni 1.59, ya PE (ukoo wa HD) isiyo na fuwele nyingi, iliyo karibu zaidi na uji, ni kama 1.51, ya PP ni 1.49. Kwa uji wa moto zote zinashuka, lakini picha ni hiyo. PS na PE zimeachana 0.08, PP na PE zimeachana 0.02 tu, na nguvu ya mtawanyiko inaenda na hiyo tofauti ikijizidisha yenyewe, kwa hivyo mara nne ya tofauti inakuwa mara 16 ya mwanga. Nilipoweka asilimia tano ya PS mstari uliruka dari. Nilipoweka asilimia tano ya PP, adui yangu halisi, aliyenirudishia tani tatu, mstari ulitoka 0.12 ukafika 0.15. Basi. Nilikaa na hiyo 0.15 jioni nzima.

Nikafikiri rangi ya mwanga itaniokoa. Nilikuwa nimesoma kuhusu Rayleigh, yule Mwingereza aliyeeleza mwaka 1871 kwa nini anga ni bluu, kwamba mwanga wa mawimbi mafupi unatawanyika zaidi, na sio kidogo, ni kwa kipeo cha nne. Nikapiga hesabu: 650 kwa 405, leza ya zambarau ingenipa zaidi ya mara sita. Nikainunua. Sikupata mara sita, sikupata hata mara mbili. Sheria ya Rayleigh ni ya vitu vidogo kuliko wimbi lenyewe, kama molekuli za hewa, na matone yangu yalikuwa mikroni kadhaa, makubwa kuliko wimbi, hayo ni ya hesabu ya Mie, Mjerumani aliyeiandika mwaka 1908, na huko rangi haina nguvu hiyo. Tena plastiki iliyotumika huwa imekuwa manjano kidogo kwa jua, na manjano inakula zambarau. Nikarudi kwa nyekundu.

Kilichosaidia ni uvumilivu wa kawaida tu. Badala ya kuangalia namba kila sekunde, kompyuta inachukua wastani wa dakika tano, miiba ya mapuvu inatupwa, na kinachobaki kimetulia kiasi kwamba 0.12 na 0.14 sio kitu kimoja tena, unaona tofauti waziwazi. Na pembe. Matone makubwa yanatupa mwanga karibu na katikati, madogo yanautupa mbali pembeni. Kwa tone la mikroni tano hivi mwanga mwingi uko ndani ya nyuzi chache tu kutoka katikati, kwa tone la mikroni moja unasambaa mpaka nyuzi thelathini na zaidi. Kwa hivyo niliongeza fotodayodi ya tatu kwa nyuzi 8, na sasa nikilinganisha ya 8 na ya 20 najua sio tu kama mgeni yuko, najua amekatwa katwa vizuri au ako na mabonge.

Hii ya mabonge ilinibadilishia kazi. Mtu akipika ugali akiona mabonge anasonga kwa nguvu zaidi, na mi nilikuwa nafanya hivyo, naongeza spidi ya skrubu kutoka mizunguko 60 kwenda 90 nikidhani itachanganya. Ya nyuzi 8 ikapanda, yaani matone yalikuwa makubwa zaidi! Kwanza yalikuwa yanakaa muda mfupi kwa bareli. Pili kuna kitu Mwingereza mwingine, Taylor, alifanya kazi yake miaka ya 1930, kuhusu tone ndani ya maji mengine yanayosuguana: tone likiwa zito sana, yaani gumu kutiririka, kuliko uji unaolizunguka, kama mara nne hivi, kusugua peke yake hakulivunji tena, linajizungusha tu pale kama mpira kati ya viganja. Na kuna mgeni anayekuja akiwa mzito hivyo. Dawa sio spidi, dawa ni kulainisha tone au kuufanya uji uwe mzito. Nilishusha spidi, nikacheza na joto la zoni mbili za nyuma nyuzi kumi kumi, na kila badiliko nikaliona kwa skrini baada ya dakika nne badala ya kungoja barua ya mteja wiki mbili. Matone yakawa madogo. Hayakuisha, PP bado iko na HD bado haiipendi, lakini tone dogo linavumilika kwa mtungi kuliko kubwa.

Mali nyeusi sahau. Masizi ya rangi nyeusi yanameza mwanga wote, fotodayodi inalala. Nyeupe ya rangi pia, ile oksidi ya titani mpindo wake ni kama 2.7, inatawanya kila kitu mpaka tone la PP ni kama kunong'ona sokoni. Natumia hii kwa mali isiyo na rangi, na ndo inayoenda kwa mitungi, basi inanitosha.

Mara ya kwanza mstari kupanda vile ninavyoogopa, polepole bila kuruka, ulikuwa Jumanne saa nne asubuhi. 0.12, 0.13, 0.14, 0.16, ukakaa. Nikahesabu nyuma dakika nne za bareli na muda wa hopa, nikapata gunia lililomwagwa saa tatu na nusu, nikachukua konzi ya vipande kutoka kwa lililofuata, la mali ile ile, nikampelekea shosho mmoja kwa meza ya kuchagulia, ndo mkubwa wao pale. Mi nilikuwa na grafu, yeye alichukua kipande kimoja akakikwaruza na ukucha wa kidole gumba. "Hii inakataa," akasema. Akachukua kingine, ukucha ukaacha mfereji mweupe. "Hii ni HD, imekubali. Ile ya kwanza ni ndoo." Akaendelea hivyo, inakubali, inakubali, inakataa, na nikahesabu naye, na kwa vipande hamsini vinne vilikataa. Kwa kiganja chake alikuwa ananiambia kitu kile kile leza imeniambia, ila yeye alijua pia jina la mgeni, na leza haijui jina la mtu.

Niliomba bosi laptopu itolewe kwa chumba cha mashine. Sasa skrini iko ukutani juu ya meza ya wachaguaji, mstari mmoja tu mnene na namba moja, na wakiona unapanda wanajua ni mali ya nusu saa iliyopita na wanajua imetoka kwa rundo gani, mara nyingi wananiambia kabla sijafika. Wengine mwanzoni waliogopa ni ya kuwashika makosa, na niliambia bosi mbele yao haitatumika kukata mtu mshahara, na haijatumika.

Jana shosho aliniita mapema, mstari ulikuwa haujasogea hata. Alikuwa na kifuniko cha manjano mkononi, amekikwaruza mara mbili na hakuna alama. "Gunia lote liko hivi," akasema, "na liko kwa laini ya kuenda krasha." Tukalivuta pembeni sisi wawili, lilikuwa zito, na skrini ikabaki 0.12 mpaka shifti ikaisha.